Ng'ombe wa Pembe Moja

Mtu aliyevunja harusi yangu hakunywa maziwa ya dukani. Alisema ni maji yaliyosuuzia ndoo. Kila alipofungua friji ya mtu hapa Louisville akayakuta yamesimama kwenye galoni lake la plastiki, alikuwa akiufunga mlango polepole, kwa adabu, kama aliyemfumania mwenye nyumba akifanya jambo la aibu. Kisha angeomba chai ya rangi.

Kwetu mtu wa namna yake huitwa msemaji. Ndiye anayesimama siku ya posa na kusema kwa niaba ya familia, huku wengine wote wamefunga midomo. Mimi nitamwita Mshenga, kwa sababu ndivyo wengi wanavyomjua mtu wa kazi hiyo, na kwa sababu jina lake silitaki hapa. Alikozaliwa na kwa nani, sijui. Aliyetaja mababu wa kila mtu hakuwataja wake hata siku moja. Alipoletwa kuzikwa hapa Louisville, watu walikuja kutoka Columbus na Buffalo wakajaza kanisa, na ulipofika wakati wa kutaja ukoo wa marehemu, wazee walitazamana. Mchungaji akaona aibu hiyo, akaanzisha wimbo.

Nilimjua kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilimchukia, ingawa nilimpelekea uji alipougua, nikampeleka kwa daktari wa macho, na nikamkata kucha. Mambo hayo mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana. Nilikuwa na swali moja tu kwake, kama siku ile alisema kweli, na lilinichukua muda mrefu kulifikisha.

Sisi ni watu wa nyanda za juu za Kivu ya Kusini, watu wa ng'ombe na wa kanisa. Vita vilitutoa huko, vikatupitisha kambini, na mwisho tukamwagwa Marekani, hawa Louisville, wale Columbus, wengine Buffalo. Vijana wetu huonana kwenye makongamano ya kwaya, wakapeana namba, wakapendana kwenye simu. Hapo ndipo wazazi walipomhitaji Mshenga. Kwetu, familia mbili zikishapeana ng'ombe wa ndoa zimekuwa damu moja, na watoto wao hawaoani mpaka vizazi vingi vipite. Lakini nani anajua sasa nani alimpa nani ng'ombe, wakati wenye kujua wamelala kwenye vilima ambako hatuwezi kurudi?

Yeye alijua. Jumamosi mchana alikaa kwenye kiti chake na koti na kofia, humo humo ndani, akaiweka simu kwenye bakuli tupu ili sauti iwe kubwa, na familia mbili kutoka miji miwili zikaingia kwenye mazungumzo. Alifumba macho. Hakuanza na majina ya watu, alianza na mahali.

"Bon. Mulitokeaka mulima gani?"

"Muzee, mimi nilizaliwa kambini," kijana angesema.

"Sikukuuliza ulizaliwa wapi. Nauliza babu yako, nani alimupa pa kukaa."

Kisha wangeingia ng'ombe. Alimkumbuka kila ng'ombe aliyevuka kutoka boma hadi boma, rangi yake, pembe zake, tabia yake. Yule mwekundu mwenye kovu begani alikwenda kilima fulani, akazaa, ndama wake akarudi kama shukrani kwa wazazi wa bibi harusi, kwa hiyo watu wa kilima kile na watu wa mto ule ni wakwe. Alikuwa akiwafuata wanyama waliokufa zamani, mmoja mmoja, mpaka afike kwa vijana wawili wanaosubiri na simu zao Kentucky na Ohio. Akimaliza alisema moja kati ya maneno mawili: "Njia iko wazi," au, "Kuko ngombe katikati." La pili likitoka, mambo yaliishia hapo. Sikuwahi kusikia mtu akibishana naye.

Kuandika hakutaka. Mpwa wake mmoja alimletea kompyuta, akamwambia ayaseme yote yahifadhiwe, na Mshenga akamwuliza kama alikuwepo siku nyumba zilipochomwa. "Makaratasi yote niliona inaungua," alisema. "Na zenye zilibaki zinadanganya. Angalia siye, tulizaliwa bote siku moja." Alikuwa na haki. Nusu ya kanisa letu ina tarehe moja ya kuzaliwa, ile ambayo karani wa kambi aliijaza alipochoka kuuliza.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Maombi yake yalikuwa marefu hadi mafuta yakagandia kwenye wali. Aliogopa lifti, akapanda ngazi za hospitali mpaka magoti yakamkatalia, kisha akawalaumu waliojenga hospitali. Wanawake hakuwaruhusu kusema neno siku ya posa, hata mama mzazi wa binti. Ukimwuliza yeye mwenyewe alifundishwa na nani, alijibu bila haya kwamba ni shangazi yake, aliyemkalisha jikoni akamwimbisha ng'ombe wote mpaka akawashika. Nilimwuliza kama haoni kasoro hapo. Akaniambia nimwongezee chai.

Kazi yake ya kula ilikuwa ghala, kule kunakopangwa maboksi kwenye mkanda unaotembea. Kiingereza alijifunza kile tu kilichomhusu, yaani breki ya kupumzika, ovataimu na neno la kufukuzwa. Wenzake husimulia siku aliyomshika bega msimamizi wake, kijana Mmarekani mweusi, na kumtaka mmoja wetu atafsiri. Alitaka kujua babu zake walitoka mlima gani. Kijana hakukasirika. Alisema anawajua mpaka kwa bibi wa bibi yake, aliyeolewa hapo hapo Kentucky, na kabla ya hapo hajui, maana waliuzwa. Mshenga alirudi kwenye mkanda wake. Jioni mkewe aliyekuwa hai bado alimwekea ugali, hakuugusa. "Mutu mukubwa vile," alisema, "na hana nyuma."

Ili mwelewe kwa nini jambo hilo lilimwuma, ni lazima niseme jinsi tulivyoondoka kwetu. Majirani waliotufukuza walisema sisi ni wageni, tumekuja jana, turudi tulikotoka. Waliyasema redioni na kwenye mikutano, na mwishowe wakayasema kwa mapanga. Basi Mshenga alipotaja kilima kwa kilima nani alifika kwanza, nani alimkaribisha nani, ng'ombe gani alitolewa kwa mwenyeji ili mgeni apate malisho, hakuwa anaozesha tu. Alikuwa anatusimamisha. Tukiwa tumechoka na zamu za kiwandani, tumeinama juu ya simu, tulisikia kwamba tulikuwepo. Wanaume wazima walifuta macho. Mimi pia, hata baada ya kumchukia.

Wakati huo nilikuwa nikimtunza bibi mmoja wa Kizungu, mjane, ambaye alikuwa na hamu moja tu iliyobaki, kuwajua babu zake walioshuka na mto kuja kukaa huku wakati kulikuwa msitu. Mara kwa mara nilimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka ofisi ya kaunti. Kulikuwa na dirisha moja la hati za zamani za ardhi, na ng'ambo ya ukumbi dirisha jingine la vyeti vya ndoa. Alitafuta jina huku, kisha nikamsukuma kule alitafute jina lile lile upande wa pili, na akilipata mashavu yake yalikuwa mekundu siku nzima.

Siku moja Mshenga alikuwa kwenye gari langu, nikimpeleka kwa daktari wa macho, na tulipopitia kwanza ofisi ya kaunti pamoja na bibi, bibi akasema aingie naye. Wazee hao wawili walielewana haraka kuliko nilivyotegemea. Bibi alimwonyesha nakala ya hati, na mimi nikatafsiri. Huyu ndiye babu wa kwanza, alikuja na mke na farasi, akapata ardhi hii yote kando ya kijito.

"Nani alimupatia?" Mshenga akauliza.

Nilitafsiri. Bibi akasema serikali ya wakati ule.

"Apana. Ule alikuwa pale mbele yake. Babu alimupa nini?"

Nilisita, nikatafsiri. Bibi aliitazama hati kwa muda, akaigeuza nyuma, ambako hakukuwa na kitu. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hilo halikuandikwa.

"Donc alikaa bure," Mshenga akasema, na hilo sikulitafsiri.

Ndani ya gari alilalamika njia nzima. "Ardhi wanaweka huku, ndoa wanaweka kule. Mutu atajuaje habari yake?" Kwake yeye mambo hayo yalikuwa kundi moja la ng'ombe. Ng'ombe wa ndoa na ng'ombe wa malisho walilala zizi moja kichwani mwake, na alijivuna kwamba hakuwahi kuwachanganya. Nilicheka siku ile. Sasa sioni tena cha kuchekesha.

Nimefika kwa Elisha, na ningependa kupita haraka.

Alikuwa amepanga chumba Columbus, mtaa wa wanafunzi karibu na chuo kikuu, akisomea udongo. Watu walimtania kwamba amevuka bahari kuja kusoma matope. Tulikutana kwenye kongamano la kwaya, akiimba besi vibaya bila wasiwasi. Alikuwa akija Louisville akitoka darasani Ijumaa, na kabla hajaingia ndani alichota udongo nyuma ya nyumba yetu ya kupanga, akausugua kwenye vidole, akaniambia kitakachoota. Alipanda lengalenga, mchicha wa kwetu. Yaliota. Kila mwaka huota yenyewe mpaka leo, na meneja wa majengo huyakata akidhani ni magugu.

Nilimpenda. Nataka liandikwe hivyo hivyo, bila kulizungusha.

Familia zilipokubaliana ipigwe simu, mimi nilikuwa jikoni na mama, mlango wazi, tukisikiliza. Safari hiyo Mshenga alikuja mwenyewe sebuleni kwetu. Baba alikuwa mbele yake, watu wa Elisha ndani ya bakuli. Walitaja kilima. Walitaja cha pili. Mshenga alifumba macho, na nilijua mambo yameharibika alipoivua kofia yake, maana hakuivua kwa jambo jema.

"Kuko ngombe," akasema. "Ya pembe moja, rangi ya majivu. Ilitokaka kwa babu za huyu kijana, ikaingia kwa babu za huyu binti. Ngombe haitembeake bure. Binti yenu moja alienda kule."

"Binti gani, Muzee?" baba aliuliza.

"Dada ya babu yako. Ule mulipotezaka jina yake."

Ni kweli babu wa baba alikuwa na dada, na ni kweli hakuna aliyejua aliishia wapi. Kwetu majina ya wavulana hushikwa mpaka mbali, na ya wasichana huachwa njiani. "Hapo zamani tulisikia," baba alisema mwishoni, "siku ngombe iliingia, binti alitoka." Mshenga akasema ndivyo na yeye alivyosikia, kwa shangazi yake, neno kwa neno.

"Hawa batoto ni ndugu," akasema. "Tuombe."

Na aliomba, kwa urefu ule ule wa siku zote. Nilisimama nikiwa na sinia la chai mikononi mpaka alipomaliza, nikaingia, nikampa kikombe chake. Hakunitazama.

Elisha alitaka tukaidi. Aliniambia kwenye simu kwamba hapa ni Amerika na ng'ombe huyo ameoza zamani. Mimi ndiye niliyekataa. Singeweza kuzaa mtoto nikimtazama kila siku nikitafuta kwenye uso wake adhabu ya kitu. Aliyasubiri maneno mengine kutoka kwangu kwa muda, kisha akachumbia kwingine, msichana wa Columbus, na Mshenga ndiye aliyesimama kuisema posa hiyo. Hakukuwa na ng'ombe katikati. Wana watoto, wazuri, nimewaona. Mimi nikabaki.

Tangu juma aliporudi kutoka Columbus kwenye posa hiyo, Mshenga alianza kuja kwetu baada ya ibada ya Jumapili. Alikaa, akanywa chai ya rangi, hakusema jambo la maana, akaondoka. Akaja tena Jumapili iliyofuata, na nyingine, muda mrefu kuliko heshima inavyodai. Mama alisema ni huruma. Nilimkaribisha kwa sababu ni mzee, na nilivyozidi kumzoea ndivyo nilivyompeleka huku na huko kwa gari langu, kliniki, benki, sokoni. Kulikuwa na kitu kimoja kilichonishikiza kwake, na kilikuwa cha ajabu. Kama alisema kweli, basi niliachana na ndugu yangu, na lilikuwa jambo zuri. Nilihitaji awe sahihi. Nilimlinda kama mtu anavyolinda dawa yake.

Magoti yalipomwishia, ghala likamwacha, na binti yake akamchukua kuishi naye Kenmore, kaskazini kidogo ya Buffalo. Kusema kweli nilimkumbuka.

Mwaka jana nilikwenda Columbus kwenye harusi ya mtoto wa rafiki. Wanawake tulikuwa kwenye jiko la kanisa tukimenya ndizi, na kulikuwa na bibi mmoja mkongwe, Koko tulivyomwita sote, ambaye alikuja Marekani nyuma yetu sana kwa sababu faili lake lilikwama kambini. Nilijua kwamba ni dada wa babu yake Elisha, kwa hiyo nilikaa mbali. Yeye ndiye aliyesogeza kiti chake.

"Weye uko wa kwa nani, mama?"

Nikamtajia baba, babu, kilima. Uso wake ulifunguka.

"Aa, kwa bale balitupatiaka pa kukaa."

Sikuelewa, nikamwomba arudie. Akaeleza huku kisu chake kikiendelea na kazi. Watu wao walifika kilimani wakiwa hawana mahali, na watu wetu walikuwa wametangulia. Wakaomba malisho, wakapewa upande wa kijito, na wakatoa ng'ombe mmoja kwa wenyeji, kama inavyopasa. Baba yake Koko, angali kijana, ndiye aliyemswaga.

"Ilikuwa ngombe ya namna gani, Koko?"

"Ya majivu. Pembe moja ilivunjikaka njiani, ikianguka."

Nikamwuliza kuhusu binti.

"Binti?" Alifikiri kidogo. "Ndiyo. Balipofika na ngombe balikuta kilio. Mutoto mwanamuke wa pale homa ilikuwa imemuua asubuhi ile. Alikuwa hajafika umri wa kuolewa. Baba alikuwa anasemaka, siku tulipata pa kukaa, bale batu banaacha kaburi mbichi banakuja kutupokea. Batu bazuri." Akanipiga goti kwa upande wa kisu. "Juu ya nini unalia? Ni zamani sana."

Siku ng'ombe aliingia, binti alitoka. Siku moja, mambo mawili yasiyohusiana, na jikoni mwa shangazi mmoja yakafungwa kamba moja. Mshenga alimkuta ng'ombe, akamtafutia binti, akampata. Aliyesema atajuaje mtu habari yake, alikuwa amemchukua ng'ombe wa ardhi akamweka upande wa ndoa, na mtoto aliyekufa akamwozesha.

Nilimwuliza Koko kwa nini hakusema. Alishangaa. Wakati ule alikuwa bado kambini. Na alipofika, nani katika wanaume wale angemwita kwenye simu?

Siku chache baadaye kaka yangu alinipigia. Binti yake Neema amepata kijana Buffalo, na wazee wa hapa Louisville wamejaribu kuangalia ukoo wakashindwa. Kwa kuwa mimi ndiye niliyemzoea Mshenga, je, naweza kwenda kumwuliza? Neema mwenyewe alichukua simu kwa baba yake na kuniuliza, kwa Kiingereza, kama kweli maisha yake yatategemea ng'ombe. Nilimwambia nitakwenda. Kwa hiyo nilikuwa na sababu mbili, ya kwao na yangu.

Nilitoka Louisville alfajiri. Columbus nilipita bila kusimama.

Kenmore ni mahali pa nyumba ndogo zenye vibaraza, kimya, na theluji ilikuwa imesukumwa kando ya barabara ikawa kuta chafu. Binti yake alinifungulia akiwa tayari amevaa sare, anawahi zamu ya kulea wazee wa watu, akanionyesha chumba na kuondoka. Mshenga alikuwa dirishani, koti na kofia, amepungua. Mkononi alikuwa na glasi ya maziwa, na galoni la plastiki lilikuwa sakafuni karibu na mguu wake. Alikuwa akiyanywa tu, bila kukunja uso. Nadhani hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kuvunjika, kabla hatujasema lolote.

"Muzee, ni miye."

"Najua. Macho njo ilikufa, masikio haiyakufa." Akanielekezea kiti. "Ulikawia."

"Njia ilikuwa na theluji."

"Apana njia. Nasema miaka."

Nikakaa. Nilikuwa nimejiandalia hotuba barabara nzima, na yote ilinitoka. "Muzee, ile ngombe ya pembe moja."

Aliiweka glasi chini, akaitafutia mahali kwa vidole. Akavua kofia.

"Ilikuwa ya malisho," akasema.

Mashine ya kupasha nyumba joto ilinguruma chini ya sakafu, ikanyamaza. Nikamwuliza amejua tangu lini.

"Tangu Koko alifikaka. Nilienda kumusalimia. Akanihadisia ngombe, akanihadisia na kaburi. Nikarudi Louisville, nikakuja kwenu, nikakunywa chai."

"Ukakuja kwetu ukakunywa chai."

"Kila Yenga, ibada ikiisha, nilikuwa nakuja na ile neno mudomoni."

"Kwa nini hukuisema?"

"Posa ya Elisha nilikuwa nimeisha kuisema miye mwenyewe. Ngombe zilikuwa zimeisha kupita. Ule binti mwengine alikosa nini? Na ningesema nilikosea kwa ile moja, nani angeniamini kwa zingine? Milima yote, mutoto yangu. Bale banatuita bageni, ningebapa kisu na mukono yangu." Akapangusa midomo. "Tena weye ulikuwa umeacha kulia."

"Sikuwa nimeacha. Nilikuwa nalilia ndani ya gari."

Aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama anayepokea habari ya msiba. Nilitaka kumpiga. Nasema ukweli. Nilimtazama shingo yake nyembamba ndani ya kola ya koti, na nilitaka kumpiga na nilitaka kuifunga kola hiyo baridi isiingie, na sikufanya hili wala lile. Nililia mbele yake kwa mara ya kwanza, kwa sauti, mpaka nikamaliza. Hakuomba. Yeye aliyeombea kila kitu, siku ile hakuomba.

Niliponawa uso nikakumbuka nilichotumwa. Nikamweleza kwamba kaka ana binti, na binti ana mchumba hapa hapa Buffalo, na wanataka neno lake. Nikaanza kumtaja babu wa kijana.

Aliinua mkono. "Usinitajie."

"Muzee, wanasubiri."

"Basi baambie njia iko wazi. Baoane."

"Hujaangalia."

"Siangaliake tena."

"Na kama ni ndugu?"

"Na kama si ndugu?" akasema, na uso wake ulielekea upande wangu, macho yale yasiyoona. Akaipapasa glasi yake, akamaliza maziwa, akaniomba nimwangalie kucha, maana wajukuu wana haraka. Nikamkata kucha. Nilipoondoka alikuwa ameivaa tena kofia.

Sikuwahi kumwona tena. Alifariki theluji ile ile ikiwa bado haijayeyuka.

Siku ile, nje, nilikaa kwenye gari bila kuliwasha. Wifi yangu alipiga kabla sijafunga mkanda. Nilisikia sebule nzima nyuma yake, kaka akikohoa, mtu akizima televisheni, Neema akiuliza kitu kwa Kiingereza na kuambiwa anyamaze.

"Wifi, Muzee anasema nini?"

"Anasema njia iko wazi."

"Aliangalia muzuri? Mpaka kwa babu zao?"

"Mpaka kwa babu zao."

"Na ngombe? Hakuna ngombe katikati?"

Dirishani, kofia yake ilikuwa imeinama, pengine amelala, pengine alikuwa ananisikia. Vioo vya gari vilikuwa vimefungwa.

"Hakuna," nikasema. "Aliangalia kila kilima. Hakuna ng'ombe yeyote."